Jumamosi za Mzee Ndelilio

Jumamosi, 1 Machi 2025

Msimu umefunguliwa. Nimefika ghalani wa kwanza, kama kawaida yangu, na nimekaa mstari wa pili kiti cha pembeni, mahali ambapo anayechelewa lazima anikanyage na mimi lazima nimsonye. Leo nimesonya mara kumi na moja. Watu wa Moshi wanawahi harusi, wanawahi misiba, lakini ukiwaambia mchezo unaanza saa tisa alasiri wanaingia saa tisa na nusu wakitafuna karanga.

Daftari hili ni jipya, kwa hiyo nianze kwa adabu. Mimi ni Vijaya. Nauza vitambaa karibu na soko kuu pamoja na kaka yangu Paresh, na kwa miaka minne sasa naandika habari za michezo ya kuigiza ya mji huu kwenye ukurasa wangu wa mtandaoni, Jukwaa la Moshi. Hakuna aliyenituma. Paresh anasema wanawake wengine wa umri wangu wana sukari, mimi nina tamthilia. Kule mtandaoni naandika sifa. Humu nitaandika yaliyobaki.

Kikundi cha mwongozaji Calvin kinaigizia katika ghala la zamani la kahawa kule Pasua. Jukwaa la mbao, viti vya plastiki, na simu tatu juu ya vyuma zinazorusha mchezo mubashara kwa walio mbali. Mwaka huu mchezo ni mmoja tu, *Zamu ya Maji*, Jumamosi moja kila wiki mbili hadi mwisho wa Mei. Mzee wa mlimani analinda mfereji wakati wa kiangazi, jirani yake mjane anadai zamu yake ya maji, na wanagombana tangu pazia linafunguliwa hadi linafungwa. Mjane anaigizwa na Goodness, binti wa Rombo mwenye sauti ya kupasua kikombe. Mzee anaigizwa na Mzee Ndelilio.

Huyu ana miaka sabini na minne. Anatoka Machame, na alifundisha Kiswahili shuleni miaka thelathini na mitano. Hakuna mtu mji huu anayetamka Kiswahili kama yeye; kila neno linatoka limefuliwa na kupigwa pasi. Leo hakukosea hata moja. Nilikuwa nimekunywa soda nzima, lakini aliposema "maji" nilisikia kiu.

Alhamisi, 6 Machi

Joto. Mlima ulionekana asubuhi kwa dakika tano, kisha ukajifunika. Nimeuza vitenge vya sare ya harusi moja.

Jumamosi, 15 Machi

Mvua imeanza, na imeanza kwa matusi. Waigizaji wanalia ukame jukwaani huku bati la ghala linapigwa kama ngoma. Watu walicheka, na mimi nilicheka, hadi onyesho la tatu.

Mzee Ndelilio alikuwa katikati ya maneno yake akanyamaza. Kisha akaanza kusema Kichagga, kwa sauti ya chini, taratibu, akiangalia jembe lake. Goodness alimkodolea macho, halafu naye akamjibu kwa Kirombo cha kwao. Kuna kitu lazima mtu akijue: mtu wa Rombo na mtu wa Machame wote ni Wachagga, ila kila mmoja akiongea cha kwao, inabidi Kiswahili kije kuwapatanisha. Wakasemezana hivyo dakika nzima.

Kando yangu alikaa Veronika, mwalimu wa Kibosho ambaye hakosi mchezo. Alinishika mkono.

"Umesikia? Hicho ni Kichagga cha ndani kabisa."

"Amesema nini?"

"Sijui, ni Kimachame. Lakini kimenigusa."

Mimi nimezaliwa hapa hapa, duka letu limehudumia kina mama wa mlimani tangu enzi za baba, na Kichagga changu kinaishia kwenye salamu na kutaja bei. Hata hivyo nimerudi nyumbani nikaandika bila kunyanyua mkono: *Leo Mzee Ndelilio ameturudishia lugha ya nyumbani.*

Jumatatu, 17 Machi

Niliyoandika yamesambaa. Watu elfu arobaini wamesoma! Mmoja wa Mwanza anasema amelia jikoni. Mwingine yuko Ulaya, anauliza mchezo ujao ni saa ngapi kwa saa za huko. Calvin amenipigia simu akipiga vigelegele, mwanamume mzima. Hata Paresh amesoma, akasema, "Umeandika vizuri, dada," na Paresh hajanisifu tangu tukiwa shule.

Jumamosi, 29 Machi

Ghala limejaa, wengine wamesimama mlangoni na miamvuli yao inachuruzika. Kichagga kimechukua maonyesho mawili. Mwishoni Mzee Ndelilio ameuendea ule mlango uliochorwa kwenye pazia, akaubisha kwa vidole viwili, akasema maneno kwa sauti nyembamba kama ya mtoto. Nimelia. Veronika amelia. Jamaa mmoja wa bodaboda aliyeingia kujikinga mvua amelia pia.

Nimeandika makala ndefu kuliko zote nilizowahi kuandika. Nimesema kile kubisha mlango ni kilele cha sanaa ya mkoa huu.

Jumatano, 2 Aprili

Mgeni wa heshima dukani: Mzee Ndelilio mwenyewe, akiwa na binti yake Doris anayeishi naye kule Machame.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Vijaya. Huyu ananisomea unayoandika. Unanikweza mno."

Nikamuuliza siri. Alifikiriaje kuleta Kichagga katikati ya mchezo wa Kiswahili, yeye mwalimu wa Kiswahili?

"Nilitafuta neno nikalikosa," akasema. "Nikashika lililokuwa karibu."

Nilicheka, nikaliandika nyuma ya kitabu cha risiti nisije nikalisahau. Unyenyekevu wa wakubwa! Doris hakucheka. Alikuwa anapapasa kitambaa ambacho hakukusudia kununua.

"Mchezo unaisha lini, mama?"

"Mwisho wa Mei."

"Mwisho wa Mei," akarudia, akamshika baba yake kiwiko wakatoka.

Jumapili, 6 Aprili

Mvua. Umeme hakuna. Nguo hazikauki.

Jumamosi, 12 Aprili

Mafua yamenilaza, kwa hiyo leo nimeangalia mchezo kwenye simu. Siku zote nimewacheka wanaofanya hivyo. Nimekuwa nikisema ni sawa na kunusa mtori wa jirani.

Ila simu inakaa karibu. Kutoka kiti changu cha mstari wa pili nilikuwa naona mabega ya Mzee Ndelilio, mikono, mwendo. Leo nimeona macho. Alipofika kwenye mlango wa pazia alipapasa kitambaa huku na huku, akitafuta kitasa. Midomo yake ilianza neno, ikaliacha, ikalianza tena. Akageuka kuwaangalia watazamaji, na nilichokiona usoni mwake ni hofu. Vile vimoyo vyekundu vya watu wa mtandaoni vilikuwa vinapanda juu ya uso wake, mamia kwa mamia, mpaka vikamfunika.

Nilijiambia: anaigiza vizuri kupita kiasi. Nikarudisha nyuma, nikaangalia tena, nikajiambia tena. Mara ya tatu nimeshindwa kujiambia. Sijaandika chochote kwenye ukurasa.

Jumatatu, 14 Aprili

Aminieli ndiye anayetuletea maziwa kutoka Kwa Sadala, kwa pikipiki, kila asubuhi. Ni Mmachame. Ananiletea maziwa mwaka wa sita huu, na haikuwahi kunijia akilini kumuuliza. Leo nimemshikisha simu. Ameangalia kwa kusimama, kofia ngumu bado iko kichwani.

"Mama, huyu mzee haigizi."

"Unajuaje?"

"Anabisha kwa mama yake. Anasema, mama, ni mimi, nimelowa, nifungulie. Halafu hapa," akaigonga simu kwa kidole, "anauliza kwa nini watu wengi hivi wamekaa uani. Anauliza nani amefariki."

Nilikaa juu ya jora la kitambaa.

"Umeanza lini kuangalia haya?"

"Mwezi wa tatu. Wote pale Kwa Sadala tunaangalia."

"Na hukusema?"

"Tungemwambia nani, mama? Tulisikia, tukashangaa. Halafu tukasoma ulichoandika, kwamba ni sanaa. Nikasema basi, wasomi wanajua."

Akamimina maziwa, akafunga dumu lake. "Ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini," akasema, akawasha pikipiki. Maziwa yamechachuka mezani, nimesahau kuyachemsha.

Jumanne, 15 Aprili

Nimemfuata Calvin ghalani. Alikuwa juu ya ngazi anaziba bati linalovuja. Nimemweleza yote kutoka chini, shingo imekakamaa.

Ameshuka taratibu. Hakushangaa kama nilivyotarajia.

"Mama, mimi ni mtu wa Marangu. Kimachame siambulii. Niliona anapotea kidogo, nikadhani ni uzee, nikadhani amepata njia yake. Halafu wewe ukaandika."

"Sasa umejua. Mtoe."

"Nilijaribu wiki iliyopita, nilimwambia apumzike. Aliniuliza nimekosa nini, mwanangu? Akaanza kunisomea maneno yake yote, hapa hapa, kwa Kiswahili, bila kukosea hata moja. Nitamtoaje mtu wa namna hiyo? Mwambie wewe. Wewe anakusikiliza."

Nimerudi dukani na mvua yangu kichwani. Nina hasira na Calvin na sina haki nayo.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Nimepanda Machame. Wametoka kanisani saa saba. Mzee Ndelilio amekaa barazani na suti yake nyeusi, anaangalia migomba inavyopigwa na mvua. Nimemwamkia, ameitikia, ila jina langu hakulitaja. Doris amenipeleka jikoni.

"Tunajua tangu Novemba," akasema, mikono ndani ya beseni la ndizi. "Daktari alitueleza kila kitu. Kwamba yatatoka ya mwisho kuingia, yatabaki ya mwanzo. Kiswahili alijifunza shule, mama. Nyumbani hapakuwa na Kiswahili."

"Mbona mlimwacha aigize?"

"Tulipatana naye. Aigize Jumamosi moja tu ya kuaga, aache. Alikubali. Ile ya pili akang'ang'ania, tukasema basi, hii ndiyo ya mwisho. Halafu ukaandika." Hakusema kwa ukali. Ingekuwa nafuu angesema kwa ukali. "Simu hazikukatika. Shangazi, binamu, wanafunzi wake wa miaka hiyo, wachungaji. Wote wanamwambia sasa ndiyo amekuwa mkubwa. Mtu anayejisikia anazama, halafu anaambiwa na dunia nzima kwamba anaogelea vizuri. Ataachaje?"

"Niandike ukweli?"

"Uwatangazie watu elfu arobaini kwamba baba yangu hajitambui?"

"Basi nifanye nini, Doris?"

Alikausha mikono kwenye kanga. "Mimi nilidhani ukija utakuwa unajua."

Tukala. Mzee Ndelilio alinisogezea kipande cha nyama kutoka sahani yake, kama mtu anavyomfanyia mgeni wa kwao.

Jumatatu ya Pasaka, 21 Aprili

Nimeandika mara sita na kufuta mara sita. Nikisema kweli namvua nguo hadharani. Nikinyamaza namsukuma mbele. Mwisho nimefuta zile makala zangu zote mbili. Baada ya saa moja nimezikuta kwenye kurasa nyingine kumi na nane, neno kwa neno, moja imesomwa na mtu kwa sauti ya kuhuzunisha na muziki chini yake. Maji yakimwagika hayazoleki.

Jumamosi, 26 Aprili

Nitaandika yote leo, hata kama mkono utauma.

Nilikwenda na Doris, tukakaa pamoja mstari wa pili. Mpango wetu, kama unaweza kuitwa mpango, ulikuwa huu: Calvin ameukata mchezo ubaki maonyesho mawili, na Goodness amefundishwa namna ya kumfunika. Tulidhani tumeweka mito ya kutosha, kwamba akianguka ataangukia laini.

Onyesho la kwanza lilikwenda bila doa. Kiswahili chake kilirudi chote, kimenyooka, na nilimwona Doris anaegemea kiti kwa mara ya kwanza. Nilianza kuwaza upuuzi. Nilianza kuwaza kwamba Aminieli amekosea.

Onyesho la pili, Goodness alipomwambia hana wa kumrithi, Mzee Ndelilio aligeuka. Akatuangalia sisi tuliokaa. Akatuhesabu kwa kidole, mstari wa mbele wote, akasema jambo kwa Kichagga. Doris aliziba mdomo. Kisha mzee akaweka jembe begani, akashuka zile ngazi tatu, akaja kwenye njia ya katikati ya viti.

Alipita kwangu. Mkono wa koti lake uligusa goti langu. Ningenyoosha vidole ningemshika. Sikumshika. Maisha yangu yote nimekaa upande huu, na mtazamaji hamgusi mwigizaji. Mwili wangu ulikaa ukatazama kama ulivyozoea. Doris alikuwa kiti cha ndani, mimi ndiye niliyekaa pembeni, na ilibidi aniruke magoti ndipo atoke. Hizo ni sekunde ngapi? Kumi labda. Mzee alikuwa ameshatoka mlango mkubwa, ameingia mvuani.

Watu walisimama wakapiga makofi. Jukwaani Goodness alikuwa anaita, "Mzee! Mzee Ndelilio!" Alimwita kwa jina lake halisi, sauti inakatika, nao wakazidisha makofi. Mathew, kijana wa simu ya kati, akaichomoa kwenye chuma chake akamfuata nje huku anarusha.

Tulikimbia. Kiatu kimoja kilibaki kwenye tope na sikukirudia. Mvua ilikuwa nzito kiasi kwamba nilimfuata Doris kwa rangi ya sketi yake tu. Tulimkuta uchochoro wa tatu. Maji ya barabarani yalikuwa yanaingia nyumba ya mtu, mwanamke na ndoo yake anahangaika mlangoni, na Mzee Ndelilio alikuwa amekunja suruali analima. Alikuwa anachimba mfereji. Mapigo yake yalikuwa mafupi, sahihi, udongo anaurundika upande wa chini, na maji yalimtii. Yaligeuka mbele ya macho yangu, yakaiacha ile nyumba, yakafuata njia aliyoyapa.

"Mungu akubariki, babu," yule mwanamke akasema.

Doris akamshika begani. Mzee aliinua uso, akamwangalia, akacheka kwa furaha kubwa, akamwambia neno moja. Hilo sikuhitaji mkalimani. Doris akamwitikia kama mama anavyomwitikia mtoto wake, akampangusa maji machoni, akachukua jembe.

"Mathew, zima hiyo simu," nikasema.

"Mama, wako elfu sita wanaangalia." Hakusema kwa kiburi. Alikuwa analia, na mkono wake haukushuka, kana kwamba simu ndiyo iliyomshika yeye. Nikaifunika kwa kiganja changu. Kwa hiyo elfu sita waliona kiganja changu kikija, na kabla hakijafika nilisoma neno lililopita chini ya kioo: *Hawa watu ni moto!*

Tulimpakia kwenye gari la Calvin, Doris akampeleka nyumbani. Nilirudi ghalani kuchukua mkoba. Bado walikuwa wamekaa. Calvin alikuwa amepanda jukwaani akawaambia mzee amepata dharura, mchezo umekwisha, na wao wakapiga makofi, wakaendelea kukaa, wakisubiri onyesho la tatu. Nilipoingia, nimelowa, mguu mmoja peku, Veronika alinisogezea kiti.

"Vijaya, wewe ulitoka ukaona? Imeishaje? Utaandika?"

Nilichukua mkoba wangu.

Jumapili, 27 Aprili

Calvin ameifuta ile video asubuhi. Iko kila mahali.

Jumanne, 29 Aprili

Mvua. Sijafungua duka, Paresh amefungua peke yake. Ameniletea chai mara tatu bila kusema neno lolote la kunikera, ndipo nikajua hali yangu ni mbaya.

Jumamosi, 10 Mei

Wenseslaus, fundi cherehani anayejua maneno yote, ameichukua nafasi ya mzee. Viti nusu vitupu. Hakukosea mahali, maskini, na hakuna aliyemshukuru. Mtandaoni wanaandika: *Mrudisheni mzee. Mrudisheni mzee.* Nimewajibu kwamba mzee anapumzika. Mmoja akaniuliza mimi ni nani hata nimzuie msanii.

Jumatatu, 19 Mei

Mvua zinachoka. Doris amepiga simu.

"Kiswahili kimeisha, mama. Tangu Alhamisi. Wanangu wamekuja kutoka Dar kumsalimia babu yao, hawajui Kichagga hata kidogo, ni kosa langu. Wamekaa naye siku mbili wanaangaliana tu."

"Haelewi chochote?"

"Ndiyo hicho ninachokupigia. Leo asubuhi kasema Kiswahili, kirefu, kizuri, kama zamani. Nikakimbia barazani. Alikuwa anagombana na mtu kuhusu maji. Hapakuwa na mtu."

Jumamosi, 24 Mei

Nimepanda Machame kabla ya saa nne. Kahawa inaanza kunenepa kwenye matawi. Mzee Ndelilio amekaa barazani, blanketi magotini. Nimemwamkia, hakuitikia. Nikamtajia jina langu, nikamtajia duka, Calvin, Goodness. Aliniangalia kwa upole wa mtu anayesubiri mgeni wake amalize kuongea lugha ngeni.

Kisha akanyoosha mgongo, sauti ikatoka kifuani, ileile ya Machi.

"Nani huyo anasogea mferejini kwangu?"

Ni onyesho la kwanza. Nimeuona mchezo huo mara sita, nimeurudia kwenye simu sijui mara ngapi. Najua kinachofuata. Mimi sijawahi kupanda jukwaani, hata shule nilikuwa nashika pazia.

"Ni mimi, mjane wa jirani yako," nikasema. "Nimekuja kuchukua zamu yangu."

Uso wake! Kama mtu aliyewashiwa taa. Akanijibu papo hapo, nami nikamjibu, akanijia juu, nami nikamjia juu. Doris alitoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama mlangoni.

"Mnaongea nini?"

"Ananitukana," nikasema.

"Basi mtukane na wewe, mama. Tafadhali. Hajasema na mtu wiki nzima."

Tukaendelea. Aliniita mchawi, mwizi wa maji, mwanamke aliyemzika mume kwa mdomo. Nilimwita gogo, bahili, mzee asiyeliliwa. Yanauma kuyasema hayo kwa mtu kama yule akiwa na blanketi magotini. Huku nasema, kichwani nilikuwa naukimbiza mchezo wote mbele na nyuma, natafuta mahali ambapo yule mjane anamwambia neno moja la wema, nimfikishe hapo. Hakuna. Wameandikiwa kugombana tu. Niliusifu mchezo huo mwezi mzima, na sikuwahi kuona kwamba hauna hilo.

Basi nikaacha. Nikamshika mkono nikasema kwa maneno yangu mwenyewe, "Mzee Ndelilio, nisamehe. Nilikupigia makofi ulipokuwa unaomba msaada."

Aliniangalia, akakunja paji la uso kidogo, kwa subira ile ya mwalimu. Kisha akaniinamia hadi nikasikia pumzi yake sikioni, akaninong'oneza ili watazamaji wasisikie:

"Sema, 'Hata ukifa leo, mzee, maji yatapita.'"

Alidhani nimesahau. Alikuwa ananiokoa.

Nikasema nilivyoambiwa, kwa sauti ya kufika mstari wa nyuma. Akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akaendelea na maneno yake.